Baga za nyumbani zinakuwa ngumu na kavu: ninunue nyama ipi?

MamaPendo_Tabata

Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada, hasa mliowahi kufanya kazi jikoni au buchani.

Nina vijana wawili, wa kidato cha pili na cha nne, na wote wameshikwa na homa ya baga. Mshahara ukitoka tu, "mama twende tukale baga". Nikipiga hesabu ya watu watano, na chipsi, na soda, naona hela hiyo ingetulisha nyama wiki nzima. Nikasema basi nitapika mwenyewe. Mapishi hayanishindi jamani, pilau yangu mtaa mzima unaijua, lakini hii baga imenigomea.

Ninavyofanya ni hivi. Nanunua kilo ya nyama ya kusaga, ile isiyo na mafuta kabisa, na huwa naongeza hela kidogo ili nipate safi. Naiosha kwenye chujio, naikamulia limau. Naweka kitunguu maji kikubwa nilichokikwangua, saumu, tangawizi, yai, chenga za mkate, soya sosi, vijiko viwili vya Royco, pilipili manga na chumvi. Nakanda mpaka ishikane vizuri, kisha nalaza kwenye friji usiku kucha ili viungo viingie. Asubuhi naumba kwa mfuniko wa kopo la Blue Band, na mchana nakaanga kwa mafuta, moto mdogo, ili iive mpaka ndani.

Matokeo: inaanza kutoa maji, inachemka badala ya kukaangika. Halafu inasinyaa pembeni na kuvimba katikati, ukiiweka kwenye mkate, mkate umeizidi pande zote. Rangi ya kijivu. Ukitafuna inakurudishia meno. Na ladha unayoisikia ni Royco na tangawizi, nyama yenyewe huioni. Mdogo kanitazama akasema, "Mama, hii ni kababu iliyokaliwa." Baba yao alicheka mpaka akatoka nje.

Kwa hiyo naomba mnisaidie: nyama ipi, viungo vipi, na moto gani? Sina oveni wala grili. Nina jiko la gesi la pleti mbili, jiko la mkaa na kikaango cha chapati.

MuuzaNyama_Buguruni

Dada MamaPendo, pole na kazi. Mimi nauza nyama, bucha nimelirithi kwa mzee wangu. Nianze na nyama, kwa sababu hapo ndipo hela yako inapopotelea.

Hiyo nyama isiyo na mafuta unayoiongezea hela ndiyo inayokuangusha. Wateja wengi mkisikia mafuta mnafikiri muuzaji anawaibia kwenye mizani, na ni kweli wapo wanaoiba, lakini kwa baga mafuta ni sehemu ya mapishi. Ng'ombe wengi tunaouza hapa Dar wanapitia mnada wa Pugu, wametoka Shinyanga, Singida, Dodoma, Tabora. Ni ng'ombe wa asili wenye nundu, wamekula majani na wametembea maisha yao yote. Nyama yao ni tamu kweli, ila mafuta hayajaingia katikati ya nyama, yamekaa pembeni yake na kwenye nundu. Wale unaowaona kwenye video za Marekani wanapika ng'ombe aliyenenepeshwa kwa mahindi, mafuta yamo ndani ya nyama kabla hata haijasagwa. Ukiiga mapishi yao kwa steki yetu kavu, lazima upate hicho ulichopata.

Ukifika buchani usiombe nyama ya kusaga. Omba kipande. Chukua kidari, au shingo, au nyama ya mkono. Hizi ni nyama zinazofanya kazi, ngumu kwa kutafuna, lakini ndizo zenye ladha, na ugumu mashine itaumaliza. Fileti usiiguse, ni laini lakini haina la kusema, na bei yake unaijua. Kisha omba nundu. Kwa gramu 800 za nyama weka gramu 200 za mafuta ya nundu, hiyo ni moja ya tano ya mzigo wote. Kama nundu imekwisha (huwa inawahiwa na watu wa supu na wachoma nyama), mafuta ya juu ya kidari yanafaa. Mafuta ya figo kataa. Yale ni magumu, yanayeyuka kwa shida, na baga ikipoa kidogo yanaganda mdomoni.

Halafu kuna mambo ya mashine ambayo wauzaji wenzangu hawatapenda niyaseme. Nyama ya kusaga iliyokwisha kupangwa kwenye sinia mara nyingi ni vipandevipande vilivyobaki, na hujui vimekaa tangu saa ngapi. Na hata ukisagiwa kipande chako, ile inayotoka mwanzo ni mabaki ya mteja aliyekutangulia, yalikuwa tumboni mwa mashine. Mwambie muuzaji asafishe mashine kwanza. Akinuna, hama bucha. Nenda asubuhi, mashine ikiwa bado safi na wewe ukiwa bado una sauti ya kubishana.

Lingine ambalo wengi hawalijui: nyama yetu inachinjwa usiku na asubuhi inauzwa, bado ina joto lake. Ukiisaga hivyo, mafuta hayakatiki, yanasagika yakawa uji na kuipaka nyama yote. Ukikaanga yanatoka yote kwa mkupuo, nyama inabaki kavu. Kwa hiyo nunua kipande, kilaze kwenye friji siku moja au mbili, ukikate vipande vya kidole, ukiweke friza mpaka kingo zianze kukaza, ndipo ukirudishe kisagwe. Mara moja tu, kwa sahani ya matundu makubwa. Mimi wateja wangu wa baga nawafanyia hivyo, wananiletea kwenye kopo la barafu. Kama muuzaji wako hataki usumbufu huo, katakata mwenyewe kwa kisu kikali. Inachosha mkono, lakini baga ya kukatwa kwa kisu ina utamu wake.

Na tafadhali dada, nyama ya kusaga haioshwi. Osha kipande kabla hakijasagwa kama roho yako haitulii, kisha ukikaushe kwa kitambaa mpaka kisiwe na unyevu. Yale maji uliyoyaona kikaangoni uliyaweka mwenyewe kwenye chujio, na kwenye kitunguu cha kukwangua, na kwenye limau. Pakiwa na maji kikaangoni, joto halipandi kupita la maji yanayochemka, na nyama haigeuki kahawia hapo. Ili ifike kahawia lazima maji yakauke kwanza, na yakikauka nyama ishaiva kupita kiasi.

Kuhusu chumvi nitarudi, kuna wateja.

Kobe_Mwendokasi

Haya yote kwa ajili ya mkate na nyama katikati. Mpeni hela wale baga ya elfu sita watoto wa watu, friza lipumzike.

MuuzaNyama_Buguruni

Kobe, hiyo ya elfu sita nyama yake nasaga mimi. Najua kilichomo. Usinifanye niseme.

Dada, tuendelee. Chumvi ndiyo iliyokupa ule ugumu wa kurudisha meno. Nyama ya kusaga ukiichanganya na chumvi ukaikanda, halafu ukailaza, chumvi inavuta protini ya nyama inakuwa na utando wa kunata, na ukipika inafungamana. Wanaotengeneza soseji wanafanya hivyo makusudi, maana soseji inatakiwa ikatike kwa mlio. Baga inatakiwa iachie. Kwa hiyo ndani usiweke chumvi hata chembe. Chumvi inanyunyizwa juu, nyama ikiwa iko kikaangoni tayari. Kwa kilo nzima inatosha kijiko cha chai kimoja na nusu, ukigawa pande zote mbili. Royco nayo imejaa chumvi, kwa hiyo itoe.

Na usikande. Chukua nyama ya baridi, gawa madonge ya gramu 80, karibu na ukubwa wa limau kubwa, uyashike kwa vidole tu yasiachane. Kilo itakupa madonge kumi na mawili. Kila baga weka nyama mbili, watu watano wametosheka, mbili zilizobaki wagombanie vijana.

Kikaango chako cha chapati ndicho chombo chenyewe, usinunue kingine. Ni kizito na kinashika joto. Kile cheusi chepesi cha kutoshika usikitumie hapa, moto unaotakiwa utakiharibu. Weka kwenye mkaa uliokolea au gesi ya juu kabisa, acha mpaka tone la maji likidondoka likimbie na kupotea. Mafuta ya kukaangia weka ya kupangusa tu, nundu itatoa yake. Tupa madonge mawili, weka karatasi ya kuokea juu yake, kandamiza kwa kitako cha sufuria ndogo mpaka nyama iwe nyembamba na ipite kidogo upana wa mkate. Nguvu zote uzitumie hapo hapo mwanzoni, mafuta bado ni baridi na hayatoki. Ukija kukandamiza baadaye unakamua utamu ukaungue kwenye kikaango. Nyunyiza chumvi na pilipili manga. Usiiguse. Baada ya dakika moja na nusu hivi kingo zitakuwa kahawia na zenye vitobo kama kimkate cha maji. Kwangua kwa nguvu na kile chuma cha kugeuzia chapati, maana ukoko uliogandia chini ndio ladha yote uliyokuwa unaitafuta kwenye soya sosi. Geuza, weka chizi, dakika moja nyingine, toa.

Fungua madirisha kabla hujaanza. Moshi utakuwepo.

BiZuhura_Mvita

Asalaam aleikum wanangu. Nimesoma maneno ya huyu muuza nyama, na mengi nayakubali, ila nyama kuipa chumvi na pilipili manga peke yake kisha mtu akaambiwa hiyo ndiyo ladha, hapo hatutaelewana. Sisi Mombasa watoto hawali kitu kisicho na thomu.

Mwanangu MamaPendo, sikiza. Ulikuwa wataka kupika baga nene kwa moto mdogo. Nene inataka mambo yake, na nyembamba yake. Mimi nyumbani hupika nene, kwa jiko la makaa, kwa sababu mzee wangu hapendi nyama iliyobanwa ikawa karatasi. Kwa kilo ya kima, chukua vipande viwili vya mkate wa boflo wa jana, utoe gamba, urowe kwa maziwa kidogo mpaka ulainike, kisha uupondeponde uwe uji mzito. Huo ndio huishika nyama isikauke. Chenga kavu za mkate hufanya kinyume, zanyonya maji ya nyama wewe ukabaki na jiwe. Yai sitii. Yai hufanya nyama ikaze.

Kitunguu maji nakikata kidogo kidogo kwa kisu, nakitia kwa kikaango na samli, nakikaanga mpaka kiwe chekundu, nakiacha kipoe. Kibichi hapana, hutoa maji vile alivyosema. Thomu kiasi, pilipili mbichi moja, kotmiri iliyokatwa, bizari ya pilau iliyokaangwa ikasagwa, nusu kijiko cha chai tu. Tangawizi ukiizidisha huimaliza nyama, na pia si nzuri kuilaza nayo usiku kucha, nyama hulegea ikawa unga. Chumvi mimi huitia ndani, lakini dakika ile ile nachoma, siilazi.

Ukiumba, tia dole gumba katikati ubonyeze kidogo, iwe na shimo. Ikiiva itapanda ijae, isivimbe kama ulivyosema. Na iumbe iwe pana kuliko mkate, kwa maana itarudi ndani.

Na hiyo ndimu yako usiitupe. Mahali pake ni kwa chatne ya ukwaju au kwa kachumbari, ukishapika.

MamaPendo_Tabata

Jamani nimeandika kwenye daftari kabisa. Bibi Zuhura shikamoo, na ahsante. Kaka Muuzaji, ahsante, nikija Buguruni nitakuulizia.

Maswali mawili yamebaki. Video nyingi naona nyama ndani ni nyekundu, damu inachuruzika, na watu wanasifia. Je, ndiyo inavyotakiwa? Mimi roho hainipi. La pili, huo mchuzi wa vitunguu wanaouweka juu, unapikwaje? Vijana wanasema bila vitunguu si baga.

Ndafu_OKC

Habari zenu wadau. Mimi ni mtu wa Rombo, nafanya kazi jikoni huku Oklahoma City, baga ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba. Dada, roho yako imekwambia kweli.

Kipande kizima cha nyama kina vijidudu kwa nje, ukichoma nje vinakufa, ndani unaweza kuacha nyekundu. Ukisaga, cha nje chote kimeingia ndani. Kwa hiyo nyama ya kusaga iliyo nyekundu katikati na steki iliyo nyekundu katikati si kitu kimoja. Marekani hapa mwaka 1993 watu mamia waliugua kwa baga ambazo hazikuiva, vijidudu aina ya E. coli, na watoto wanne walikufa. Serikali yao inashauri nyama ya ng'ombe ya kusaga ifike nyuzi 71 za Selsiasi katikati. Jikoni kwetu tuna kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama. Kwako, ukifuata ile nyembamba ya Muuzaji, kipimajoto hakina kazi. Inaiva yote kabla hujageuka kuchukua chumvi. Ndiyo sababu naona sisi tunaokula nyama iliyoiva tungeachana na hizi baga nene kabisa. Baga nene ilitungwa kwa watu wanaoacha katikati ibichi. Ukiiivisha mpaka mwisho unapigana nayo, labda uwe na ule mkate na maziwa wa Bibi Zuhura, ambao kwa kweli ni ufundi, hata mahoteli makubwa wanautumia.

Sasa vitunguu. Magharibi ya hapa nilipo, mwendo wa nusu saa kwa gari, kuna mji unaitwa El Reno. Ulikuwa mji wa reli. Miaka ya 1920 hali ilikuwa ngumu, nyama ghali, vitunguu rahisi, wauza baga wakaanza kuponda vitunguu vingi ndani ya nyama kidogo ili ionekane nyingi. Hali ilipotengemaa watu walikataa kuacha, walishaonja. Mpaka leo Robert's Grill, iliyofunguliwa 1926, inapika hivyo hivyo, na kila Mei mji mzima unafanya sikukuu yake. Unakaa kwenye stuli, mpishi yuko mbele yako, vitunguu vimelundikana kama nyasi.

Kwa kikaango cha chapati inawezekana bila shida. Kitunguu maji chekundu, hivi vya Singida au Mang'ola ni vizuri mno, kikate nyembamba kadiri mkono wako utakavyoweza, karatasi kabisa. Nusu kitunguu kwa kila donge, usiogope wingi, kitasinyaa. Donge likishatua kikaangoni, lundika kitunguu juu yake, ndipo ukandamize, kitunguu kiingie kwenye nyama. Hapa usitumie karatasi, kandamiza kwa chuma cha kugeuzia. Chumvi juu. Moto upunguze kidogo kuliko ule wa Muuzaji maana kitunguu kina sukari, kitaungua. Chini kukishakuwa kahawia, geuza, sasa vitunguu vimekwenda chini. Weka chizi, na juu ya chizi weka mkate, ile nusu ya juu, halafu juu yake ile ya chini. Mvuke wa vitunguu unapanda unalainisha mkate. Baada ya dakika mbili vitunguu vimekuwa vya kahawia na vitamu, nyama imekunywa utamu wao, na wewe hukuchafua sufuria ya pili.

Hapo Royco haitakumbukwa.

Kobe_Mwendokasi

Ndafu umenitia njaa saa tano usiku, Mungu anakuona.

BiZuhura_Mvita

Huyu wa reli amenena. Vitunguu vingi, nyama kidogo, hata sambusa za Ramadhani zatengenezwa hivyo mwezi ukienda ukingoni na mfuko umelegea.

Lakini nyote hamkusema mkate, na mkate ukiwa mbovu kazi yote yapotea. Zile bans za dukani ni tamu mno na zabomoka. Mwanangu, tafuta skonsi za kawaida za mwokaji wa mtaani, zilizookwa siku ile, uzikate katikati, upake samli upande wa ndani, uzigeuze kwa tawa mpaka zipate rangi. Ile rangi huzuia maji yasiingie upesi. Nyanya ukikata, inyunyizie chumvi uiweke kando kwa chujio, uifute kabla kuitia. Na kachumbari ikamue! Watu hutia kachumbari na maji yake kisha wakalaumu mkate.

Mayonezi nachanganya na achari ya embe iliyosagwa, kijiko kimoja cha achari kwa vijiko vitatu vya mayonezi. Basi. Tomato sosi sitii, yaifanya kila kitu kiwe cha watoto.

MuuzaNyama_Buguruni

Bibi, shikamoo. Achari ya embe nakubali bila ubishi. Thomu pia nakubali kama iko kwenye mayonezi. Kwenye nyama inayokandamizwa kwa moto ule saumu inaungua inakuwa chungu, na hapo sirudi nyuma hata ukiniletea boflo la bure.

Kwa hiyo dada, usichanganye njia mbili. Ukipika nene, fuata Bibi: mkate na maziwa, viungo vyake, makaa ya wastani, shimo katikati. Ukipika nyembamba, nyama na nundu tu, hakuna kingine ndani. Ukichukua nusu ya huku na nusu ya kule, utarudi hapa unalia.

MamaPendo_Tabata

Wapendwa, nimerudi na ripoti. Jumamosi nilienda bucha la mtaani, nikaomba shingo na nundu, nikamwambia asafishe mashine kwanza. Alinuna, lakini alisafisha. Jirani aliyekuwa kwenye foleni nyuma yangu naye akadai hivyo hivyo. Nafikiri jina langu limeshawekwa ubaoni.

Nilipika njia ya Ndafu, vitunguu vingi, kwenye mkaa. Moshi ulijaa mpaka baba Pendo akahamisha redio uani. Lakini jamani! Ile nyama haikutoa tone la maji. Kingo zimekauka zinalia, katikati laini, na harufu ile ya nyama hasa, ile ya mishkaki ya usiku barabarani. Mkubwa alikula mbili, akaja jikoni kimyakimya kuuliza kama ile ya baba ina mwenyewe. Mdogo hakusema kababu. Alisema chizi ilikuwa ndogo, nami nimelipokea kama sifa.

Skonsi nilizipaka samli kama Bibi alivyosema. Achari nilikuwa nayo ya ndimu, si ya embe, ikawa kali kidogo ila wakubwa tuliifurahia.

Sasa likizo inakuja, na wameshaanza kualika wenzao. Siwezi kwenda buchani kila siku na kopo la barafu. Je, naweza kutengeneza nyingi nikaweka friza? Na nikiweka, nalaza madonge au nazikandamiza kabisa?

MuuzaNyama_Buguruni

Hongera dada. Na huyo mwenzangu aliyenuna atazoea, mimi pia nilizoeshwa na wateja.

Friza inawezekana, ila donge lililoganda halikandamiziki, na ukiliacha liyeyuke juu ya meza nje linakuwa joto wakati ndani bado barafu. Kwa hiyo zikandamize kabisa zikiwa mbichi, nyembamba, pana kuliko skonsi, kila moja kati ya karatasi mbili za kuokea. Zipange juu ya sinia bapa ziingie friza hivyo, zikishakuwa ngumu ndipo uzirundike kwenye kopo lenye mfuniko. Chumvi usiweke, maana hata kwenye baridi inaendelea na kazi yake. Zitakaa miezi miwili zikiwa nzuri, ingawa kwa vijana unaowasimulia sioni zikifika huko.

Siku ya kupika usiziyeyushe. Bandua karatasi, tupa kwenye kikaango cha moto zikiwa zimeganda vile vile, chumvi juu, na uongeze nusu dakika kila upande. Njia ya vitunguu ya Ndafu haitakubali hapo, kitunguu hakiingii kwenye barafu. Vikaange pembeni kwenye mafuta yanayotoka kwenye nyama, uvipandishe juu mwishoni pamoja na chizi.

Na ukitaka nundu ya kutosha kwa kundi hilo, niambie Alhamisi. Ijumaa huwa imekwisha kabla ya saa mbili asubuhi.